Walitaka meli ya kifahari, wakapata mashua ya Turkana

Na MWANDISHI WETU

KILA likizo ya shule inapokaribia, nyumbani kwetu hufanyika mkutano wenye kelele kuliko Bunge. Wajumbe ni wanne: baba watoto, mimi, binti yetu aliye katika sekondari, na mdogo wake wa kiume ambaye ndiye kitinda mimba. Ajenda huwa moja tu: safari hii tutaenda wapi?

Kabla ya likizo ya Agosti, kitinda mimba alifika mkutanoni akiwa na hoja yake tayari. Alikuwa ameona kwenye televisheni meli ya kitalii ikitia nanga Mombasa. Meli yenyewe ilikuwa na ghorofa nyingi kama jengo la katikati ya jiji, na juu kabisa kulikuwa na kidimbwi cha kuogelea. Abiria waliteremka asubuhi, wakapokewa na waelekezi, wakazungushwa Fort Jesus na Mji wa Kale, na jioni wakarudi melini kuendelea na safari yao.

"Nasi twende hivyo," akasema. "Tupande meli, tufike mji tusioujua, tutembezwe, kisha turudi."

Baba yake aliulizia nauli. Alipoambiwa, alinyamaza kitambo kama mtu aliyepokea habari za msiba. Kisha akasema: "Maji nitawapa. Mashua nitawapa. Mji msioujua nitawapa, na mwelekezi nitawatafutia. Lakini bahari yenyewe iko jangwani."

Hivyo ndivyo tulivyokata shauri la kwenda Turkana.

Majirani waliposikia walituuliza kama tumepatwa na jambo. "Turkana kuna nini?" wakasema. Kwa watu wengi wa jijini, jina hilo huleta picha moja tu: mifupa ya ng'ombe, ardhi iliyopasuka na foleni ya chakula cha msaada. Nakiri kwamba hata sisi hatukuwa na picha nyingine.

Hata hivyo, nami nilikuwa na sababu yangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Miaka kadhaa iliyopita nilimfundisha kijana mmoja mkimbizi aliyeletwa Nairobi na wafadhili ili asome shule ya upili. Alizaliwa katika kambi ya Kakuma, na alipomaliza masomo alirudi huko huko, ambako sasa ni mwalimu. Kila Krismasi hunitumia salamu, na mwisho wa salamu huuliza swali lile lile: "Mwalimu, utakuja lini?"

BARABARA NDEFU

Kuna ndege zinazotua Lodwar kutoka Nairobi, na mwenye uwezo atafika kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulikwenda kwa gari. Siku ya kwanza tulilala Kitale, mahali penye baridi na mahindi mabichi ya kuchoma. Kutoka hapo hadi Lodwar ni kama kilomita 300, na katika kilomita hizo nchi hubadilika kabisa.

Unapita Kapenguria, kisha barabara inashuka milimani hadi Marich. Sweta zinavuliwa. Unaacha kando njia ya kwenda bwawa la Turkwel, ambalo mtambo wake wa umeme ulikamilika mwaka wa 1991, kisha unaingia Kainuk na Lokichar. Kufikia hapo, hewa inayoingia dirishani ni kama ya mtu aliyefungua mlango wa tanuri la mkate. Kwa miaka mingi sehemu hii ya barabara ilikuwa mashimo na mchanga, na magari yalisindikizwa na polisi kwa kuhofia majangili. Siku hizi kuna lami safi kwa sehemu kubwa. Hata hivyo tulishauriwa kusafiri mchana tu na kuulizia hali ya usalama kabla ya kuondoka Kitale, na ushauri huo tuliufuata.

Binti yetu alikuwa amepewa kamera kama zawadi ya kufanya vyema mtihani. Alipiga picha kila kitu: ngamia, vichuguu virefu kama minara, na watoto waliokuwa wakipunga mikono kando ya njia. Mdogo wake alikuwa akiuliza kila baada ya nusu saa, "Bahari iko wapi?"

MJI WA LODWAR

Lodwar ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana. Umejengwa kando ya mto Turkwel, na juu ya kilima kimoja imesimama sanamu ya Kristo aliyenyosha mikono kana kwamba anaupokea mji mzima. Ni mji wa pikipiki, maduka ya jumla, ofisi za mashirika na benki. Watoto wangu walishangaa kuona hata duka la keki.

Mwelekezi wetu alikuwa kijana wa pale pale, mpole wa maneno. Alitukataza mambo mawili: kutoka nje bila chupa ya maji, na kupiga picha kabla ya kusalimu. "Salamu kwanza, jina pili, picha mwisho," alisema. "Na ukikataliwa, umekataliwa."

Alitupeleka kwanza kuiona nyumba aliyoishi Mzee Jomo Kenyatta. Wanafunzi wengi wanajua kwamba Mzee alihukumiwa Kapenguria mwaka wa 1953 pamoja na wenzake watano: Paul Ngei, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba na Achieng Oneko. Wachache wanakumbuka kwamba kifungo chenyewe alikitumikia Lokitaung, kaskazini zaidi ya Turkana, na kwamba alipokimaliza mwaka wa 1959 hakuachiliwa kwenda kwake. Aliletwa Lodwar, akazuiliwa hapo hadi Aprili 1961 alipohamishiwa Maralal. Ni hapa Lodwar ambapo viongozi wa KANU na KADU walikuja pamoja kumwona, Machi 1961, wakati Uhuru ulipokuwa ukibisha hodi.

"Kwa nini walimleta huku?" kitinda mimba aliuliza.

"Kwa sababu waliona huku ni mwisho wa dunia," mwelekezi akamjibu. "Wakoloni waliifunga Turkana. Mtu wa nje hakuingia bila kibali. Ukitaka kumsahaulisha mtu, unamleta mahali watu hawafiki."

Akacheka kidogo, kisha akaongeza: "Tatizo ni kwamba sisi tulikuwa tukiishi hapa hapa."

Kutoka hapo tulikwenda sokoni kwa akina mama wanaosuka vikapu kwa majani ya mkoma, ule mnazi wa jangwani wenye matawi yaliyogawanyika. Na hapo ndipo tulipoaibika.

Nyanya mmoja alikuwa ameketi kivulini, shingo yake imejaa shanga safu juu ya safu hadi kidevuni. Alipendeza kwa kweli. Kabla sijasema neno, binti yangu aliinua kamera na kumpiga picha mara mbili. Yule nyanya alijifunika uso kwa shuka na kupaza sauti. Wenzake wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwelekezi alichutama mbele yake, wakazungumza kwa muda. Kisha akamwita binti yangu. "Nyanya anauliza," alisema, "kwenu, mgeni akiingia, humpiga picha bibi yako kabla ya kumwamkia?"

Binti alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Anauliza, picha hiyo utaipeleka wapi?"

Binti hakuwa na jibu, na kusema kweli hata mimi sikuwa nalo. Alimwonyesha nyanya zile picha, akazifuta mbele yake. Hapo nyanya alifunua uso, akamwuliza jina, akamwuliza jina la baba yake, na kwao ni wapi. Akamfundisha kusalimu. "Ejoka?" unauliza, nawe unajibiwa "Ejok nooi," yaani ni njema sana. Na ukitaka kushukuru unasema "Alakara." Tulinunua vikapu viwili bila kupatana bei. Tulipokuwa tukiondoka, nyanya aliuliza jambo lililowachekesha watoto: "Na huko Kenya, hali yao iko vipi?"

Mwelekezi alitueleza tulipofika garini. Watu wengi wa kaskazini wanaposafiri kwenda Kitale au Nairobi husema wanakwenda Kenya. Si kwamba hawajui ramani. Ni kwamba kwa miaka mingi Kenya yenyewe haikufika kwao: barabara, shule na hospitali zilikomea mbali. Watoto wakaacha kucheka.

Msomaji atauliza kama nyanya alikubali kupigwa picha mwishowe. Hakukubali, nasi hatukumwomba tena.

BAHARI YA JANGWANI

Kesho yake tuliamka saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Lodwar hadi Kalokol, karibu na ziwa, ni kama kilomita 60. Kabla ya kufika mjini, mwelekezi alisimamisha gari kando ya barabara penye nguzo za mawe meusi zilizosimama wima ardhini. Mahali hapo huitwa Namoratunga. Hekaya ya wenyeji inasema hao walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, akapita pepo wakamcheka, naye akawageuza mawe. Wanaakiolojia wanasema nguzo kama hizi kando ya Ziwa Turkana zilisimamishwa na wafugaji wa kale yapata miaka 5,000 iliyopita. Wapita njia huongeza jiwe dogo juu ya nguzo. Watoto wetu nao waliongeza yao, na safari hii binti aliuliza kwanza kama inaruhusiwa.

Kalokol pia pana somo la aina nyingine. Kuna kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo lilikuwa zuri: wafugaji walioangamizwa na ukame wawe wavuvi, na samaki wagandishwe wauzwe mbali. Lakini kugandisha samaki katika joto kama hili kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi. Kisha ziwa likarudi nyuma na Ghuba ya Ferguson ikakauka. Kiwanda kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Leo wavuvi wa Kalokol wanakausha samaki kwa jua na chumvi, kama walivyofanya kabla ya wageni kufika.

Ndipo tukaliona ziwa. Kitinda mimba alisimama kwenye kiti cha gari akapiga kelele, "Bahari!" Hakukosea sana, kwani upande wa pili hauonekani.

Ziwa Turkana lina urefu wa zaidi ya kilomita 250, na hakuna ziwa jingine kubwa kama hili duniani lililo katika jangwa. Wenyeji huliita Anam Kaalakol, yaani ziwa la samaki wengi. Mwaka wa 1888 lilifikiwa na wasafiri wawili kutoka Austria-Hungary, Sámuel Teleki na Ludwig von Höhnel, wakaliita Rudolf kwa heshima ya mwana wa mfalme wao. Jina hilo lilidumu hadi mwaka wa 1975 lilipobadilishwa kuwa Turkana. Mto Omo kutoka Ethiopia hulipa karibu asilimia 90 ya maji yake. Hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke tu, na ndiyo maana yana magadi. Ukiyaonja, yanateleza ulimini kama maji ya sabuni.

Meli yetu ilikuwa mashua ya mbao yenye injini moja. Haikuwa na ghorofa wala kidimbwi. Nahodha alikuwa mvuvi wa makamo aliyeliangalia anga kwa muda mrefu kabla ya kukubali kuondoka, kwa sababu upepo wa ziwa hili hauna adabu. Huamka bila kubisha. Tulivaa jaketi za kuokolea maisha, nikamfunga kitinda mimba yake mara mbili, na safari ikaanza kuelekea Central Island, yaani Kisiwa cha Kati.

Baada ya saa moja na zaidi kidogo tulifika. Kisiwa hicho ni volkano iliyotokeza majini. Ukubwa wake ni kama kilomita tano za mraba tu, lakini ndani yake mna maziwa matatu madogo yaliyojaa katika kasoko: Ziwa la Mamba, Ziwa la Flamingo na Ziwa la Ngege. Ndiyo kusema uko ndani ya ziwa, juu ya kisiwa, unatazama ziwa jingine. Kisiwa ni mbuga ya taifa inayotunzwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na tangu mwaka wa 1997 kiko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na mbuga ya Sibiloi iliyo ng'ambo.

Tulipanda ukingo wa kasoko kwa miguu, mchanga mweusi ukituchoma kupitia soli za viatu. Chini, majini, tuliona kile ambacho watoto walidhani ni magogo. Gogo moja likafumbua mdomo. Ni mamba, na kisiwa hiki ni mojawapo ya mahali wanapozaliana kwa wingi. Hakuna aliyehitaji kukatazwa kukaribia.

Wakati wa kurudi, nahodha alituambia mambo ambayo watalii huwa hawaulizi. Mwaka wa 2018 UNESCO iliweka mbuga hizi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa sababu ya bwawa la Gibe III ambalo Ethiopia ilijenga kwenye mto Omo na kulizindua mwaka wa 2016. Watu wengi waliogopa kwamba ziwa litakauka. Badala yake, baada ya mvua kubwa za mwaka wa 2019 na 2020, maji yalipanda na kuzifukuza jamii za wavuvi kutoka ufuoni. "Ziwa hili halina ahadi," nahodha alisema. "Likitaka linakuja, likitaka linakwenda. Kazi yetu ni kulifuata."

Kitinda mimba alikuwa ameinamia ukingo wa mashua, akichunguza maji. "Mama," akasema, "asubuhi yalikuwa ya kijivu, halafu yakawa ya kijani, sasa ni ya buluu." Sikujua wakati huo kwamba maneno hayo yangekuja kuwa na thamani.

MGENI WA MWALIMU

Kutoka Lodwar kwenda Kakuma ni kama kilomita 120. Usiku wa kuamkia safari hiyo hatukulala vyema. Tulijiuliza: je, ni haki kwenda kambi ya wakimbizi katika likizo? Watu si mamba wa kutazamwa. Mwelekezi alikuwa ametuambia wazi kwamba huko hapeleki watalii. "Nenda ikiwa una mtu wa kumwamkia," alisema. Sisi tulikuwa naye, na tulikuwa tumeomba kibali mapema kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi, kwani hakuna mgeni anayeingia kambini bila kibali. Asubuhi, binti yangu aliiacha kamera katika nyumba ya wageni. Hakuna aliyemwambia aiache.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka wa 1992, kando ya mto Tarach ambao mara nyingi huwa mchanga mtupu. Wa kwanza walikuwa vijana wa Sudan waliokimbia vita, wakaenda Ethiopia, wakakimbia tena kutoka Ethiopia baada ya serikali ya huko kuanguka mwaka wa 1991, wakatembea hadi Kenya. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengine wengi. Mwaka wa 2016 makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa jirani, wenyeji na wageni wakitumia shule na zahanati zile zile. Leo kambi na makazi hayo yana watu karibu 300,000. Ukipita mtaani utaona maduka ya simu, mikahawa ya Waethiopia inayouza injera, vinyozi wa Kikongo, na wanawake wa Kiturkana wakiuza kuni na makaa.

Mwanafunzi wangu alitungoja barabarani. Amekuwa mrefu kunipita kwa kichwa kizima. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, akainama kama alivyokuwa akiinama darasani. Alituingiza katika ua wake, mkewe akatuletea chai ya tangawizi, na watoto wa majirani wakajaa mlangoni kutuangalia. Safari hii watazamwa tulikuwa sisi.

Tulicheka sana. Alinikumbusha siku niliyomwadhibu kwa kusema "vitoto vangu". Kisha akaniuliza kwa uso mkavu: "Mwalimu, nimesoma katika maandishi ya wageni kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili, maana yake ni 'mahali pasipo popote'. Neno hilo ulilifundisha siku gani? Au siku hiyo sikufika shuleni?"

Nilimwambia siku hiyo hata mimi sikufika.

Aliwasimulia watoto wangu juu ya wanariadha watano waliochaguliwa kutoka hapo Kakuma kuingia timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio mwaka wa 2016, ambayo bendera yake ilibebwa na Rose Nathike Lokonyen. Kitinda mimba, ambaye ni mgonjwa wa kandanda, aliruka aliposikia kwamba Awer Mabil, aliyeichezea Australia katika Kombe la Dunia la 2022, alizaliwa katika kambi hii mwaka wa 1995. Pia alitueleza yasiyofurahisha: jinsi mgao wa chakula ulivyopunguzwa mara kadhaa kwa sababu fedha za wafadhili zimepungua, na jinsi darasa lake lilivyojaa hadi hawezi kupita katikati ya madawati.

Kisha akatuuliza tumetoka wapi. Tukamwambia, ziwani.

Alinyamaza kidogo. "Mimi hufundisha somo la Ziwa Turkana kila mwaka," akasema. "Urefu wake, mito yake, visiwa vyake. Wanafunzi hujibu vizuri kwenye mtihani. Lakini sijawahi kuliona."

Nilifikiri anatania. Kutoka kwake hadi Kalokol ni kama kilomita 180 tu. Amezaliwa katika kaunti hii. Akanieleza taratibu, kama mimi ndiye mwanafunzi. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha kusafiri. Kibali hutolewa kwa sababu: ugonjwa, masomo, jambo la kisheria. Nairobi aliijua kwa sababu ya shule. "Lakini Mwalimu," akasema, "katika fomu nitaandika sababu gani? Kwamba nataka kuona maji?"

Hakuna aliyesema neno. Ndipo kitinda mimba alipoinuka, akachukua kijiti na kuchutama uani. Akachora ziwa vumbini, akachora kisiwa, na ndani ya kisiwa akachora maziwa matatu. Watoto wa majirani wakamzunguka. Aliwaeleza juu ya mamba aliyefanana na gogo, nahodha aliyeangalia anga, na mchanga uliochoma miguu.

"Na rangi?" mwalimu wao akamwuliza. Alikuwa amechutama pamoja nao. "Kitabu kinasema maji ni ya kijani. Ni kweli?"

"Yanabadilika," mwanangu akasema. "Asubuhi ni ya kijivu, halafu kijani, halafu buluu."

Mwanafunzi wangu alitoa kalamu mfukoni akaandika maneno hayo kiganjani mwake.

YA KURUDI NAYO

Tulipokuwa tukirudi Lodwar, kitinda mimba aliuliza kwa nini sisi tumekwenda na kurudi tutakavyo, na mwalimu yule hawezi. Baba yake alimweleza juu ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka wa 2021, na mpango wa Shirika uliozinduliwa na serikali mwaka wa 2025 ili kambi zigeuke kuwa makazi ya kawaida, wageni na wenyeji wakijitegemea pamoja. Yote hayo ni ya kweli. Lakini nilimwona mtoto kwamba hakuridhika, na sikuona sababu ya kumlazimisha aridhike.

Usiku ule mwelekezi alituaga. Alitukaribisha turudi wakati wa Tobong'u Lore, tamasha la utamaduni lililoanzishwa Lodwar mwaka wa 2014. Maana ya jina hilo, alisema, ni "rudini nyumbani". Huko Nariokotome, magharibi mwa ziwa, ndiko Kamoya Kimeu alikogundua mwaka wa 1984 mifupa ya Kijana wa Turkana, aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kwa hiyo, mwelekezi akasema, hakuna mtu duniani anayekuja Turkana kama mgeni kabisa.

Niliyafikiria maneno hayo njiani hadi Kitale. Likizo ni jambo tamu kwa sababu mwisho wake kuna nyumba, na ufunguo wake umo mkobani. Mzee Kenyatta alikaa Lodwar miaka miwili akingoja kurudi kwake. Wapo watu Kakuma ambao wamengoja zaidi ya miaka 30. Nasi tulikuwa tukilalamika kwamba meli ni ghali.

Wiki mbili baada ya kufika nyumbani, binti yangu alisafisha picha 12 kwa fedha zake, tukazituma Kakuma. Zote ni za ziwa: asubuhi, adhuhuri na jioni. Amejibiwa kwamba zimebandikwa ukutani darasani, kwa utaratibu, kijivu, kijani na buluu.

KWA ANAYEPANGA KWENDA

Joto la Lodwar hufika nyuzi 35 na zaidi karibu mwaka mzima. Beba kofia, nguo nyepesi na maji mengi kuliko unavyodhani. Malaria ipo, mwone daktari kabla ya safari na ulale ndani ya chandarua.

Ukienda kwa gari, safiri mchana, jaza mafuta Kitale, na uwaulize polisi hali ya njia.

Kwa Central Island, panga mapema na KWS kuhusu ada ya kuingia. Usipande mashua isiyo na jaketi za kuokolea maisha, na nahodha akisema leo hatuendi, msimbishie.

Asiyetaka kwenda kisiwani anaweza kupumzika Eliye Springs, kama kilomita 65 kutoka Lodwar, penye chemchemi za maji matamu chini ya mikoma.

Nunua vikapu na shanga moja kwa moja kwa waliovisuka. Na kabla ya kuinua kamera, sema "Ejoka".